Bipu Tatu

Jumatano, 4 Desemba 2024

Leo wamekuja kuing'oa jenereta ya mnara. Lori limeingia asubuhi, vijana wakaipakia, wakaongeza mabamba ya sola pembeni ya yale ya zamani, na mchana wakaondoka zao. Kuanzia sasa mnara wetu wa simu unaishi kwa jua na betri. Mwenyekiti Damiani alisimama pale ameshika kiuno utadhani yeye ndiye aliyelipia. Anasema kampuni inapunguza mafuta na moshi, na sisi ni kijiji cha mfano. Mimi nilichofurahia ni kimoja. Jenereta ile ilikuwa inanguruma nyuma ya zahanati miaka yote niliyokaa hapa, nikitega sikio kwenye tumbo la mama mjamzito nasikia dizeli. Leo nimesikiliza moyo wa mtoto wa mke wa mwalimu bila kukunja uso.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua ya kwanza ya kueleweka. Kijiji chote kiko shambani, zahanati tupu. Nimefua mashuka.

Alhamisi, 12 Desemba

Mimi ni mtu wa Ulemo, Mnyiramba, na nimekaa na hawa Wanyaturu miaka mingi, lakini kuna jambo lao moja linanichekesha mpaka leo, nalo ni kubipu. Hapa hakuna anayeongea na simu mpaka auze alizeti. Kuanzia Desemba hadi Mei mifuko imetoboka, na salio lililobaki kwenye simu halitoshi kuongea, linatosha kubipu tu. Kwa hiyo unapiga, inaita kidogo, unakata kabla mwenzako hajapokea, na ujumbe umefika. Bipu moja kwa wenye maksai maana yake ng'ombe wametoka zizini. Mbili, jembe limekatika. Kwa mke aliyebaki nyumbani, moja ni chakula na mbili ni maji. Chediel wa bodaboda akiona namba anajua nani anamtaka na anakwenda wapi. Na wana mkono mwepesi kweli. Ukichelewa kukata simu ikapokelewa, salio limekwenda, na utachekwa hadi kilabuni.

Nami nimeingia kwenye mkumbo huo huo. Bipu tatu mfululizo kwa Nesi Anastasia maana yake uchungu umeanza. Sipokei, sipigi, sisubiri. Naangalia namba ya nani, nachukua begi, Chediel ananipakia. Tangu nianzishe utaratibu huu sijapoteza mama hata mmoja. Nimeusema kwenye kikao cha wilaya na wakubwa wakaandika. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Jumanne, 24 Desemba

Nimepika wali, nimekula peke yangu. Mvua usiku kucha.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Rebeka amekuja kliniki kwa miguu, kutoka kitongoji cha ng'ambo ya korongo. Mumewe Eliya yuko Manyoni kwenye vibarua vya ujenzi, kwa hiyo anaishi na mama mkwe wake, Theresia. Binti mpole, ana tabia ya kuziba mdomo akicheka. Mimba ya kwanza nilimzalisha mimi. Mtoto hakulia, na mama mwenyewe alitoka damu mpaka nikadhani nimempoteza. Nilikwenda nimeukandamiza mfuko wa uzazi kwa ngumi kutoka hapa hadi hospitali ya Ikungi, na mkono huu ulikufa ganzi siku mbili.

Leo nimemwambia wazi kwamba huyu wa sasa hazaliwi hapa wala nyumbani. Anazaliwa hospitali ya wilaya, palipo na daktari na damu ya kuongeza. Na mwisho wa mwezi huu ahamie kule kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito.

"Sawa, nesi," akasema. "Ila mwambie mama mwenyewe. Mimi akinikatalia sina mdomo."

Alhamisi, 9 Januari

Nimekwenda kwa Theresia. Nilimkuta shambani, mgongo umeinama, na hakuuinua mpaka alipomaliza tuta lake.

"Shikamoo, mama Eliya."

"Marahaba, nesi. Najua umefuata nini. Palizi ataimaliza nani?"

"Tunazungumza damu, mama, siyo palizi."

"Na mimi nazungumza chakula. Kule Ikungi mnataka aende na unga wake, mboga yake, na mtu wa kumpikia. Mtu huyo ni mimi. Nikiondoka hapa majani yanakula alizeti yote, na mwakani mtoto utamlisha wewe?"

Nikamwambia maneno makali. Yule mama ana kichwa kigumu, na mimi pia sijambo. Tulipochoka wote wawili akaegemea jembe, akasema, "Si una bipu zako? Wanawake wa huku wote wanakusifu. Ukibipiwa unakuja. Kwa Rebeka ndiyo usije?"

Kusema kweli nilisikia raha. Nikajikuta nimelegea. Tumekubaliana hivi: palizi inaisha wiki ya kwanza ya Februari, na Jumamosi tarehe 8 Chediel anamchukua Rebeka na Theresia wote wawili hadi Ikungi. Uchungu ukitangulia, bipu tatu. Nikampa sharti. "Msimtembeze, msimpandishe baiskeli. Bipu, halafu kaa naye ndani mpaka nifike." Nilisema hivyo kwa sababu mwaka juzi mwanamke mmoja alijifungulia kwenye tope la korongo akinifuata, na ile picha haijanitoka. Theresia akarudia sharti langu neno kwa neno, kisha akarudi kwenye tuta.

Jumapili, 12 Januari

Mvua. Ibada watu wachache.

Ijumaa, 17 Januari

Fundi wa mnara amekuja, kijana anaitwa Innocent, ana viatu visivyojua tope. "Mambo, mama," ananiambia. Nikamtazama tu mpaka akapata akili akasema shikamoo.

Nikamuuliza kwa nini siku hizi simu za asubuhi zinasumbua. Akanieleza vizuri, hilo nimpe. Anasema mnara una njia mbili za kupitishia simu. Zote mbili zikiwaka, betri zinaliwa haraka, na kipindi hiki cha mawingu sola haiingizi cha maana. Kwa hiyo kompyuta ya kampuni, huko iliko, inautazama mnara muda wote. Ikiona watu hawaongei inalaza njia moja ili betri zisife. Wakianza kuongea inaiamsha.

"Na ikikosea?"

"Haikosei, mama. Inasoma matumizi yenu wenyewe. Na ya hapa nimeyaona. Hamuongei kabisa. Hiki kijiji kimelala."

Nikacheka. Mtu asiyejua alfajiri ya huku ndiye anayeweza kusema kimelala. Saa kumi na moja kila mwenye jembe ana simu mkononi. Lakini nilimwona kijana mvivu anayetaka kurudi kwake mjini, Utemini, kabla mvua haijamziba barabarani, sikutaka kumchelewesha.

Jumatatu, 20 Januari

Mawingu. Friji ya chanjo imelia mara mbili.

Jumanne, 28 Januari

Rebeka amekuja tena kliniki. Miguu haijavimba, shinikizo la damu zuri, mtoto amekaa vizuri. Nikamwambia akifika nyumbani anibipu tatu, tujaribu. Mchana nikiwa nakula zikaingia, moja, mbili, tatu, safi kabisa. Nimefurahi. Nimebakiza siku chache tu na huyu binti atakuwa Ikungi mikononi mwa daktari.

Jumatatu, 3 Februari

Jua hatujaliona tangu Alhamisi. Chediel amekuja analalamika kwamba wateja wanamgombeza, wanasema wamembipu alfajiri na hakwenda, wakati yeye hajaona bipu ya mtu. Anadhani simu yake mbovu. Nimemwambia apunguze kuiangusha akitoka kilabuni.

Ijumaa, 7 Februari

Rebeka amekufa jana. Nimeandika sentensi hii, nikainuka, nikatembea chumbani, nikarudi. Inabidi niandike yote maana kichwani yanazunguka na hayatulii.

Jana niliamka alfajiri kama kawaida. Mawingu yalikuwa chini, mvua nyembamba. Nikachemsha chai. Simu ilikuwa juu ya meza mbele yangu, imejaa chaji, na vijiti vyote vya mtandao vimesimama. Nalisema hili kwa sababu najua nilivitazama. Nilikunywa chai yangu yote nikitazama simu ile na haikulia hata mara moja. Nikafungua zahanati. Nikatibu kikohozi, nikafunga kidonda.

Yapata saa nne Theresia akaingia. Alikuwa amekuja kwa miguu, kanga imelowa, tope hadi mapajani, hana hata ndala. Hakunisalimu wala hakungoja nimsalimu.

"Kwa nini hukuja?"

"Kuja wapi?"

"Nimekubipu tangu alfajiri. Tatu. Nikangoja. Nikabipu tena tatu. Nikangoja. Nimebipu mpaka simu ikazima. Mtoto ametoka, kondo halijatoka, na damu inakwenda. Nimemwachia jirani. Nesi, kwa nini hukuja?"

Nikaichukua simu nikamwonyesha. Hakukuwa na kitu. Na nikasema, watu wanasikia, wagonjwa wamekaa kwenye benchi, nikasema, "Mama Eliya, hukunibipu. Usiniletee uongo hapa."

Alinitazama. Sitaki kueleza alivyonitazama.

Chediel alikuwa Issuna, amebipiwa na mteja mwingine. Nikampigia, akapokea, akageuza. Tulipokuwa tunamngoja, Theresia alikaa chini sakafuni kando ya mlango, mimi napanga dawa kwenye begi. Chediel akatupakia wote wawili. Korongo lilikuwa limejaa hadi kiunoni, tukaiacha pikipiki, tukavuka tumeshikana mikono, Theresia katikati. Mkono wake ulikuwa baridi na mgumu kama mpini.

Nilimkuta Rebeka kwenye godoro, ana akili zake. Mtoto wa kike alikuwa mikononi mwa jirani, amefungwa kwenye kitenge, analia vizuri. Rebeka akaniambia, "Shikamoo, nesi. Umekuja." Midomo ilikuwa myeupe. Nikampiga sindano, nikatafuta mshipa wa dripu na mishipa ilikuwa imekauka, nikaupata wa mguuni. Nikalitoa kondo kwa mkono. Nikaukandamiza mfuko kama ile mara ya kwanza, kwa ngumi ile ile, na sikuuachia. Damu ilipungua. Lakini iliyokwisha kutoka ilikuwa nyingi, niliiona kwenye udongo chini ya godoro, na hakuna ngumi inayorudisha damu.

Nikamwambia Chediel apige simu ya gari la wagonjwa la wilaya, anishikie sikioni. Iliita mara moja ikapokelewa. Sauti ilikuwa safi, ikaniuliza hali ya mgonjwa, ikasema gari linatoka. Wakati ule watu wote walikuwa wameshaingia mashambani na simu zao mifukoni.

Rebeka aliuliza kama mtoto ana vidole vyote. Theresia akamwambia vyote. Akataka kucheka, mkono ukaanza kupanda kwenda mdomoni, haukufika.

Gari lilitufikia ng'ambo ya korongo mchana. Hakukuwa tena na mgonjwa wa kubeba.

Jumamosi, 8 Februari

Tumemzika. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda Ikungi. Eliya amefika kutoka Manyoni akiwa bado na tope la saruji kwenye suruali. Nilisimama nyuma ya wanawake wote. Theresia alipita mbele yangu mara mbili na hakunijibu salamu.

Jumatano, 12 Februari

Kijiji kimegawanyika. Wapo wanaosema nesi alilala. Wapo wanaosema bibi yule hakubipu, alitaka mjukuu azaliwe nyumbani ili palizi isisimame, na alipoona damu ndipo akakimbia. Damiani ameniita ofisini akaniambia kwa upole kwamba yeye ananiamini mimi, mtumishi wa serikali, na kwamba wazee hawa wana mambo yao.

Nami nilifarijika. Nimeandika hapo juu kwamba nataka kuandika yote, basi na hili niliandike. Nilitoka ofisini nikiwa mwepesi. Usiku mzima nimejihakikishia kwamba Theresia ni mwongo, nimekumbuka lile jembe, nimekumbuka alivyokataa kuinua mgongo. Namchukia yule mama na kumchukia kunanisaidia kulala.

Ijumaa, 14 Februari

Mtoto ameletwa kliniki na jirani. Uzito umepungua. Wanampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nimewapa kopo moja la maziwa nililonunua mwenyewe na kuwaonyesha vipimo.

Jumatatu, 17 Februari



Alfajiri ya leo Chediel alikuja kunichukua twende kwa mzee mmoja mwenye pumu. Nilikuwa natafuta ufunguo. Yeye amesimama mlangoni, akasema, "Mama, nilikuwa nakubipu hapo nje utoke, naona hutoki."

Nikatazama simu. Hakuna kitu. Vijiti vimejaa, hakuna bipu.

Nikamwambia abipu tena, hapo hapo mbele yangu. Akabonyeza, akangoja kidogo kama wanavyongoja wote, akakata. Simu yangu kimya. "Tena," nikasema. Akabonyeza, akakata. Kimya.

"Sasa bonyeza, halafu usikate."

"Ukipokea itakula salio langu, mama."

"Chediel, nimesema usikate."

Akabonyeza. Tulisimama tumetazamana na simu zetu mkononi. Kimya. Muda wa kuvuta pumzi kadhaa, kimya. Alitaka kukata kwa mazoea, nikamshika mkono. Ndipo simu yangu ikalia.

Akasema, "Kumbe inafika. Inachelewa tu."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Mzee wa pumu alingoja. Nilimwona kichwani Theresia alfajiri ile, mkono mmoja umeshika mkono wa Rebeka na mwingine simu, anabonyeza, anakata haraka kama kijiji kizima kilivyomfundisha na kama mimi nilivyomwambia, halafu anakaa ndani kungoja kwa sababu nilimpa sharti akae ndani angoje.

Alhamisi, 20 Februari

Nimempigia Innocent hadi akaja. Safari hii alisalimia kwa heshima, labda alikuwa amesikia. Tulikaa chini ya mnara kwenye uzio, akafungua kompyuta yake ndogo.

Nikamuuliza, "Alfajiri ya tarehe sita njia ngapi zilikuwa macho?"

Akatafuta. "Moja, mama. Betri zilikuwa chini sana, na hapakuwa na maongezi."

"Watu wangapi walipiga?"

Akatafuta tena, sehemu nyingine, akachukua muda. Nilimwona anasogeza uso karibu na kioo. "Wengi," akasema. "Wengi mno. Lakini wote wanakata. Mashine inahesabu dakika za kuongea. Simu isiyopokelewa ina dakika sifuri." Akanionyesha kwenye kioo. "Kwa hiyo inaona sifuri, inalaza njia ya pili. Halafu zile bipu zote zinapanga foleni kwenye njia moja, kila moja inachelewa kufika. Na nyie mnakata kabla haijafika."

"Ulisema haikosei."

"Nilisema hivyo, ndiyo."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa. Lakini aliifunga kompyuta yake, akaanza kulia kama mtoto mdogo, akasema mkewe ana mimba ya miezi minane. Sijui kwa nini aliniambia mimi. Nikampa kitambaa. Ameahidi kuwaandikia wakubwa wake.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekwenda kwa Theresia peke yangu, kwa miguu, kupitia korongoni. Alikuwa anamlisha mtoto kwa kijiko. Nikapiga magoti mlangoni, kitu ambacho sijamfanyia mtu tangu mama yangu afe.

"Ulinibipu," nikasema. "Ulibipu kama nilivyokuambia. Hazikufika, na kosa siyo lako. Nilikuita mwongo mbele za watu. Nitasema mbele za watu wale wale kwamba mwongo siyo wewe."

Akaendelea kulisha. Kijiko kikaisha, akamfuta mtoto kidevu.

"Mimi nilijua nimebipu," akasema. "Hukuhitaji kuvuka korongo kuja kuniambia. Rebeka ndiye alikuwa ananiuliza. Kila nikimaliza tatu ananiuliza, 'Mama, zimefika?' Namwambia zimefika, anakuja. Nimemdanganya mpaka nilipotoka kukufuata. Huo ndio uongo nilioongea, nesi. Haya, nenda."

Jumapili, 2 Machi

Mkutano wa kijiji baada ya ibada. Nilisimama nikasema nililoahidi, kwamba Theresia alifanya yote niliyomwagiza, na nikasema kwamba agizo lilikuwa langu. Wale waliokuwa kwenye benchi siku ile walitazama chini.

Kisha Innocent, aliyekuja kwa gari lake mwenyewe, akaeleza. Wakubwa wamemjibu kwamba watautazama mnara huu mwezi mzima. Maongezi yakionekana, hasa alfajiri, njia ya pili itaachwa macho. Yasipoonekana, itabaki hivi hivi, kwa sababu betri ni gharama. Kwa hiyo, akasema, tuache kubipu. Tupige, tupokee, tuongee.

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Leonard, mjumbe wa kitongoji kile cha ng'ambo, akauliza, "Mwezi wa tatu huu, unga wenyewe tunakopeshana kwa bakuli. Dakika za kuongea tutanunua na nini? Na tuongee nini?" Damiani akasema hawezi kumlazimisha mtu. Mkutano ukafa hivyo. Theresia alikuwa nyuma kabisa, mtoto mgongoni. Aliondoka kabla ya sala ya kufunga.

Nimewaambia wajawazito wote: usibipu tena, piga na usikate mpaka usikie sauti yangu. Wameitikia. Lakini vidole vyao navijua.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu. Alfajiri nimejaribu na Chediel. Bado inachelewa.

Jumanne, 11 Machi

Alfajiri ya leo, saa ambayo kila mtu anabipu, simu yangu imelia. Theresia. Nikangoja ikatwe. Haikukatwa. Iliendelea kuita nami nikaogopa kuishika, maana tangu nilipotoka kwake hajanitamkia neno na mtoto bado analetwa na jirani. Nikapokea.

"Shikamoo, mama Eliya. Mtoto ana nini?"

"Marahaba. Mtoto amelala."

"Wewe unaumwa?"

"Siumwi." Nilisikia jogoo wake, na mtu wa jirani anapasua kuni. "Nimeuza tetea mmoja. Nimenunua dakika."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mke wa Leonard ana miezi saba," akasema. "Hana simu, atatumia hii yangu. Yule kijana alisema mashine inahesabu maongezi. Basi ihesabu."

"Tuongee nini, mama?"

"Mimi na wewe hatuna la kuongea, nesi. Weka simu mezani. Usikate."

Nikaiweka mezani, sauti nimeifungulia yote. Nikamsikia akifagia. Akavunja vijiti, akapuliza moto, akakohoa kwa moshi. Mtoto akaamka akalia, na Theresia akaanza kumwimbia kwa Kinyaturu, wimbo mfupi ambao sikuuelewa wote, akifika mahali fulani sauti inagoma, anaurudia tangu mwanzo. Nilikaa mbele ya simu ile nikilia na sikutoa sauti ili asinisikie. Kulipambazuka. Katikati ya wimbo dakika zake zikaisha na simu ikakatika yenyewe.

Nikampigia mimi.